Kigoma: Mwisho wa Reli au Katikati ya Njia?

Kuna mikoa ya nchi yetu iliyobahatika kupewa majina ya sifa, na kuna Kigoma, ambayo ilipewa jina la "mwisho wa reli" ikalibeba mpaka leo. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kusema kwamba jambo fulani liko mbali kupita kiasi, husema liko Kigoma. Zamani mtumishi wa serikali aliyepata barua ya uhamisho wa kwenda huko alipewa pole na majirani kana kwamba amefiwa. Reli ya Kati ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kwa mtu aliyekaa pwani hesabu huishia hapo. Baada ya hapo ni maji tu, na ng'ambo ya maji ni nchi za watu.

Leo nataka tuihesabu njia hiyo kuanzia upande wa pili. Mtu aliyesimama kwenye gati la Kigoma, akaipa stesheni mgongo, ana mji wa Kalemie ng'ambo ya ziwa, umbali wa kilomita 130 hivi. Kaskazini yake ana Bujumbura, chini ya kilomita 200 kwa njia ya maji. Bujumbura ilikuwa makao makuu ya Burundi mpaka yalipohamishiwa Gitega mwaka 2019, na bado ndiyo mji mkuu wa biashara wa nchi hiyo. Kwa maneno mengine, Kigoma ni mkoa ulio jirani kabisa na mji mkuu, ila mji mkuu wenyewe si wetu.

Nayasema haya kwa sababu reli mpya ya kisasa inajengwa kuelekea magharibi, na kila mmoja anazungumzia jinsi itakavyoifufua Kigoma. Huenda ikawa hivyo. Lakini historia ya mwambao ule wa Tanganyika inaonyesha kwamba Kigoma na Ujiji zilistawi kila zilipokuwa katikati ya njia, na zilidorora kila zilipotendewa kama mwisho wake. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Tuanze na Ujiji. Watoto wetu shuleni huifahamu Ujiji kwa jambo moja tu, kwamba mwaka 1871 Mzungu mmoja aitwaye Stanley alimkuta hapo Mzungu mwenzake aitwaye Livingstone, wakaamkiana. Ni nadra mwalimu kuuliza kwa nini wakutane Ujiji na si mahali pengine. Jibu ni jepesi. Ujiji ilikuwa anwani. Barua na shehena zilizotumwa kutoka Unguja zilifika Ujiji. Livingstone alipofika hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1869 alikuwa akifuata vitu vyake, na aliporudi 1871, amechoka na amefilisika, alikuwa akifuata vitu vyake vile vile, akakuta vimeuzwa na wale waliokabidhiwa. Mtu anayetafutwa katika nchi kubwa namna ile hutafutwa mahali ambapo njia zote hupita.

Na njia kweli zilipita hapo. Misafara ya wapagazi iliyotoka Bagamoyo ilipitia Tabora, ikavuka mto Malagarasi, ikafika Ujiji na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Lakini tusidhani kwamba soko la Ujiji lilianzishwa na wafanyabiashara wa pwani. Burton na Speke walipofika mwaka 1858, walikuta wenyeji wa ziwa wakibadilishana vitu vyao wenyewe: chumvi kutoka Uvinza, mawese, samaki wakavu, mbuzi na nafaka kutoka milima ya Buha. Chumvi ya Uvinza peke yake ni historia ya kutosha. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba kwenye chemchemi zile katika miaka ya 1960 waligundua kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wakati huo hakukuwa na Bagamoyo ya misafara wala Unguja ya sultani wa Oman. Biashara ya ziwa ilikuwepo, na msafara wa pwani ulikuja kujiunga nayo.

Mitumbwi mikubwa ya Ujiji nayo haikuchongwa Ujiji. Magogo ya mivule yalipatikana katika misitu ya ng'ambo, Ugoma, ambayo leo ni Kongo, na huko ndiko mafundi walikoichonga kisha ikaletwa kuuzwa upande huu. Soko lilikuwa hata na fedha yake, shanga zilizoitwa sofi, ambazo zilitungwa kwenye nyuzi zikahesabiwa. Aliyetoka msafarani na vitambaa ilimbidi kwanza avibadilishe apate sofi ndipo aweze kununua samaki wa kitoweo. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliandika orodha ndefu ya bei za soko la Ujiji, nani anauza nini na kwa kiasi gani. Kwa wanaopenda historia ya uchumi, orodha hiyo ina thamani kuliko maamkizi yale ya 1871.

Sitaki kuipamba picha hii. Utajiri wa Ujiji wa wakati huo ulikuwa pia ni utajiri wa pembe na wa binadamu. Watu walivushwa ziwa kutoka Umanyema wakiwa mateka, wengine wakaishia Ujiji yenyewe, wengine Tabora, wengine pwani. Wakubwa wa biashara hiyo, akina Tippu Tip na Rumaliza, walifanya kazi kwa bunduki. Ni vizuka wao ambao miembe ya Ujiji inawakumbusha wageni wanaokuja kutazama makumbusho. Lakini ni wajukuu wa wale wale waliovushwa, Wamanyema, pamoja na Wabwari, Wagoma, Wabembe, Waha na Wajiji, waliojenga mji wa Waswahili ndani kabisa ya bara. Ukienda Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini Bujumbura, utasikia Kiswahili ambacho kimekwenda huko kwa njia hiyo hiyo ya ziwa.

Basi mji huo ulikufa vipi? Hapana, haukufa, lakini ulipitwa, na ulipitwa na mambo mawili. La kwanza ni maji yenyewe. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa mno. Kisha mto Lukuga, upande wa Kongo, ukafungua njia yake iliyokuwa imezibwa, maji yakaanza kutoka kuelekea mto Kongo, na katika muda usiofika miaka 20 ziwa likashuka kwa mita zipatazo 10. Ujiji iko kwenye ufuko tambarare. Ziwa linaposhuka mita moja mahali kama hapo, pwani hukimbia mbali. Ndiyo maana leo mgeni anayeonyeshwa mahali Livingstone alipokutwa hushangaa kuona ziwa liko mbali na mnara. Wajukuu wa waliokuwa wakiteremsha shehena mlangoni pa nyumba wakajikuta wanalima mahali palipokuwa na maji.

La pili ni Wajerumani. Waliweka boma lao Ujiji katika miaka ya 1890, kwa sababu mji ulikuwa hapo. Lakini walipoanza kufikiri habari za reli na meli kubwa, waliangalia kina cha maji, wakaona ghuba ya Kigoma, kilomita kama 8 kaskazini, yenye kina kirefu na iliyokingwa na upepo. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914. Stesheni nzuri ile tunayoiona mpaka leo ikajengwa Kigoma, na Ujiji ikabaki na miembe yake. Kilomita 8 tu, msikilizaji, na mji uliokuwa maarufu mpaka London ukageuka kuwa kijiji kikubwa kando ya mji mwingine. Naomba umbali huo ukumbukwe, nitaurudia.

Sasa, Wajerumani walijenga reli ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa ajili ya nini? Hawakuijenga kwa ajili ya Waha. Macho yao yalikuwa Kongo, kwenye shaba ya Katanga na mali nyingine za nchi ile ambayo Wabelgiji walikuwa wameikalia. Ushahidi ni ile meli. Walitengeneza Ujerumani meli kubwa, Graf von Goetzen, wakaifungua vipande vipande, wakaitia katika makasha yapatayo 5,000, wakaisafirisha mpaka Dar es Salaam, wakaipakia kwenye treni mpaka Kigoma, na hapo wakaiunga upya. Iliingia majini Februari 1915. Hakuna anayebeba meli milimani namna hiyo kwa ajili ya kuhudumia mwisho wa reli. Kwao Kigoma ilikuwa mahali pa kubadilisha chombo, kutoka gurudumu kwenda maji.

Vita vikuu vya kwanza vikaharibu hesabu. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia ziwani, baada ya kuipaka mitambo yake grisi ili isiliwe na kutu. Wabelgiji waliivuta, ikazama tena. Waingereza wakaiibua 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi ikiwa na jina jipya, Liemba. Watu wengi hupenda kusimulia habari za Liemba, na ni haki yao, lakini nadhani inatufanya tusahau jambo jingine la wakati huo ambalo ni zito zaidi.

Jambo hilo ni mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji. Wabelgiji waliokuwa wameiteka Kigoma na Ujiji vitani walikubali kuondoka na kuwaachia Waingereza. Lakini walipewa sehemu yao katika bandari ya Kigoma na sehemu nyingine Dar es Salaam, kwa pango la faranga moja kwa mwaka, milele. Mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ilipita humo bila kutozwa ushuru wa Tanganyika. Naam, faranga moja. Mwalimu Nyerere alilieleza Bunge Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru, kwamba serikali yake haitautambua mkataba huo, kwa kuwa mtawala wa muda hana uwezo wa kutoa ardhi ya nchi milele. Alikuwa na haki kabisa. Ila tutazame pia upande wa pili wa shilingi: Wabelgiji hawakuitaka sehemu hiyo kwa sababu ya mapenzi. Waliitaka kwa sababu walijua kwamba nchi zao mbili zilikuwa zinapumua kupitia Kigoma. Walijua thamani ya mahali ambapo sisi wenyewe tulikuwa tunapaita mwisho.

Chini ya Waingereza, Kigoma ilipitiwa na mali za wengine, yenyewe ikabaki mikono mitupu. Mizigo ya Kongo ilikwenda na kurudi. Lakini mkoa wenyewe haukupewa zao kubwa la biashara kama kahawa ya Kilimanjaro na Bukoba au pamba ya Usukuma. Ukaachwa uwe ghala la wafanyakazi. Vijana wa Kiha walipakiwa kwenye treni ile ile, wakapelekwa mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro. Walipewa namba, wakaitwa manamba, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na chombo chao maalumu cha kuwaandikisha, kilichoitwa SILABU. Mkoa wenye ziwa, chumvi, michikichi na mvua ya kutosha ukawa unauza nguvu za vijana wake. Mtu akiuliza kwa nini Kigoma ilichelewa, aanzie hapo. Wengine hupenda kusema ni uvivu, jambo la kichekesho kwa watu ambao jasho lao ndilo lililokata mkonge wa nchi nzima.

Hata hiyo mizigo ya Kongo haikuwa yote. Wabelgiji walimaliza reli yao ya Kabalo hadi Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwaka 1915, ikiangaliana na Kigoma. Lakini mwaka 1931 reli ya Benguela iliungana na Katanga, na shaba ikapata njia ya kwenda Lobito, bandari ya Angola kwenye bahari ya Atlantiki. Kuanzia hapo Kigoma ilikuwa na mshindani. Nalitaja jina la Lobito makusudi, kwa sababu tangu 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya wameamua kuifadhili njia hiyo upya. Mshindani wa bibi zetu amerudi sokoni na nguo mpya.

Baada ya uhuru, hali ya Kigoma ilifuata hali ya ng'ambo kama kivuli kinavyofuata mtu. Mwaka 1965 Che Guevara na Wacuba wenzake walivuka kwa mashua kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo, na katika kumbukumbu zake analalamika kwamba wapiganaji hao walipenda mno kuvuka kuja kustarehe Kigoma. Mwaka 1972 damu ikamwagika Burundi, watu wakakimbilia kwetu. Mwaka huo huo Operesheni Kigoma ikawahamisha wananchi wa mkoa huo kwenda katika vijiji vya ujamaa, moja ya operesheni za kwanza za namna hiyo nchini. Oktoba 1993 Rais Ndadaye wa Burundi akauawa, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka mpaka. Kuanzia 1996 wakaja wa Kongo, nchi ambayo siku hizo ilikuwa ingali ikiitwa Zaire, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa.

Mwaka huo wa 1996 una funzo lake la uchumi. Julai, baada ya Meja Buyoya kutwaa madaraka mjini Bujumbura, nchi za kanda hii ziliiwekea Burundi vikwazo vya biashara, navyo vilidumu mpaka Januari 1999. Sababu za kisiasa zilieleweka. Lakini kwa mchukuzi wa bandari ya Kigoma, kufunga biashara na Burundi ni sawa na kufunga kijiko na mdomo. Hapo hapo kukawa na shughuli nyingine: mashirika ya misaada, magari meupe, nyumba za kupangisha, malori ya chakula. Mwaka 1997 meli Liemba, kwa muda wa miezi 5, iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Mji ulichangamka kwa msiba wa jirani. Uchangamfu wa namna hiyo hauachi kitu. Kambi ikifungwa, kama Mtabila ilivyofungwa mwishoni mwa 2012, soko lililokuwa kando yake nalo hubaki na vumbi. Wanawake wa vijiji vya Kasulu na Kibondo waliokuwa wakiwauzia wakimbizi ndizi na muhogo wanalijua hilo kuliko mchumi yeyote.

Hapa inabidi niseme jambo moja ambalo watu wa Kigoma hulisema kwa uchungu, nasi wa mijini hulisikia kwa sikio moja. Mfanyabiashara wa Kigoma ana shangazi Baraka, ana binamu Rumonge, ana mke mwenza Uvira. Huo ndio mtaji wake, kwa sababu biashara ya kuvuka ziwa huendeshwa kwa kuaminiana, na watu huamini ndugu. Lakini mtaji huo huo ndio unaomfanya aulizwe kila mahali yeye ni Mtanzania wa wapi. Akienda kutafuta kitambulisho au hati ya kusafiria huambiwa amlete babu yake. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji haramu, malalamiko yalikuwa mengi kwamba walikumbwa hata waliozaliwa humu. Serikali ina wajibu wa kulinda mipaka, hilo halina ubishi. Ila nchi haiwezi kutaka biashara ya ng'ambo na papo hapo imtilie shaka kila mwenye ndugu ng'ambo.

Wakati fulani wanasiasa walikuwa wakiahidi kwamba Kigoma itageuzwa kuwa Dubai. Watu walicheka. Mimi naona mfano haukuwa mbaya, ila hawakuumaliza. Mwanzoni mwa karne ya 20, mji wa Lingah upande wa Uajemi ulipoanza kuwabana wafanyabiashara kwa ushuru, wengi walivuka maji wakahamia Dubai, ambako mtawala aliwapokea na kuwapunguzia tozo. Dubai ilianza kwa kumkaribisha mtu wa ng'ambo, na majumba marefu yakaja baadaye.

Tuje kwenye mazao. Kuna hadithi ambayo kila Mtanzania ameisikia, kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma kuchukua mbegu za michikichi, leo wao ni matajiri na sisi tunaagiza mafuta kwao. Hadithi hiyo inauma vizuri, lakini si kweli. Michikichi ya Malaysia na Indonesia asili yake ni miche minne iliyopandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na shamba la kwanza la biashara Malaysia lilipandwa 1917. Mchikichi wenyewe kwao ni Afrika Magharibi, na Kigoma uliingia kutoka upande wa Kongo.

Hadithi ya kweli inauma zaidi. Michikichi ya wazee wetu wa Kigoma ni ya aina ya dura, yenye gamba nene na mafuta kidogo. Aina bora, tenera, hupatikana kwa kuchanganya dura na aina nyingine isiyo na gamba. Jinsi gamba hilo linavyorithiwa iligunduliwa na watafiti wawili wa Kibelgiji mwaka 1941 katika kituo cha Yangambi. Na Yangambi iko wapi? Iko Kongo. Wamalaysia waliufuata ujuzi huo, wakapanda tenera katika mashamba yao yote. Sisi tuliokuwa jirani, tuliotenganishwa nao na maji na msitu, hatukuufuata. Mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipoanza kulivalia njuga zao hilo mwaka 2018, na kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa kazi ya kuzalisha miche ya tenera, mkulima wa Kigoma alikuwa bado anakanda mawese kwa mikono kutoka kwenye miti ya babu yake. Mbegu haikuibwa, msikilizaji. Tuliacha kutazama ng'ambo.

Dagaa nao wana habari yao. Dagaa wa Kigoma hawana mpinzani kwa ladha, na bei yake Dar es Salaam inalijua hilo. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu katikati, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Lakini ziwa limepata joto, na watafiti walionyesha tangu mwaka 2003 kwamba joto hilo linazuia maji ya chini yenye rutuba kupanda juu, hivyo chakula cha samaki hupungua. Ongeza nyavu haramu na wingi wa wavuvi. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, serikali ililifunga ziwa upande wetu kwa miezi mitatu, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka. Wavuvi walilalamika, na walikuwa na sababu, maana mvuvi hana mshahara. Hata hivyo hili ni jambo ambalo haliwezekani kufanywa na Kigoma peke yake: dagaa haombi viza akiogelea kwenda Burundi.

Sasa tufike kwenye reli mpya. Miaka ya karibuni Kigoma imepata mambo ambayo iliyasubiri kwa miongo mingi. Daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi lilifunguliwa 2015. Kuanzia 2022 mkoa ulianza kuunganishwa na Gridi ya Taifa, na jenereta zilizokuwa zikila dizeli usiku na mchana zikaanza kuzimwa. Desemba 2022 ukatiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Haya ni makubwa, na anayeyabeza hajawahi kulala njiani Kaliua akisubiri behewa lirudishwe relini.

Lakini Januari 2025 ulitiwa saini mkataba mwingine, wa reli ya kutoka Uvinza hadi Musongati nchini Burundi, kwenye madini ya nikeli, na Agosti mwaka huo ujenzi ukazinduliwa. Tazama ramani vizuri. Reli hiyo inachepuka Uvinza, kabla treni haijafika ziwani. Kwa Tanzania nzima ni jambo jema, na kwa Burundi ni neema. Kwa mji wa Kigoma maana yake ni kwamba mzigo wa Burundi, ambao kwa miaka zaidi ya 100 ulishushwa kwenye treni ukapakiwa melini na wachukuzi wa Kigoma, utaweza kupita moja kwa moja bila kuyaona maji. Ujiji ilipitwa kwa kilomita 8. Kutoka Uvinza mpaka gati la Kigoma ni zaidi ya kilomita 100.

Kinachobaki kwa Kigoma, basi, ni Kongo: Kalemie, Moba, Baraka, Uvira, na nyuma yake mamilioni ya watu wanaohitaji saruji, unga, mafuta na nguo. Nchi hiyo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ni kweli kwamba vita havijawaacha. Goma ilitekwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata. Lakini mwambao wa kusini wa ziwa upande ule haujaacha kununua. Swali la haki kwa wanaopanga bajeti ni meli. Liemba ilisimama mwishoni mwa miaka ya 2010, ikawa ya kusubiri ukarabati, na reli ya kisasa ikifika kwenye gati lisilo na meli za kutosha itakuwa imejenga mwisho mwingine wa reli, safari hii kwa mabilioni.

Swali la pili ni dogo kwa fedha, na labda kwa sababu hiyo halisemwi. Jumuiya ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo, ambapo mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama huweza kupita kwa cheti kinachotolewa hapo hapo mpakani. Pale mwalo wa Kibirizi, ambapo mashua za mbao hupakia kila siku kuelekea Kagunga, Burundi na Kongo, wanaopakia wengi ni akina mama wenye magunia machache. Afisa wa forodha anayewaeleza utaratibu huo kwa Kiswahili, akagonga muhuri na kuwaacha waende na jahazi la asubuhi, hahitaji mkopo wa benki yoyote ya dunia.